Kidole cha Pili, Mguu wa Kushoto

Tarehe 14 Machi mwaka juzi, daftari la wagonjwa wa dharura liliandika mwanamume wa miaka arobaini na sita, fundi funguo, aliyekatwa gumba la mkono wa kulia na mashine ya kunolea. Gumba lenyewe lilikuwa limesagika, lisingeweza kurudishwa.

Fundi huyu huchonga funguo kwa mkono. Hubana kipande cha shaba kwenye jiliwa, hukipiga tupa, kisha hupitisha gumba juu ya meno kutafuta ncha iliyobaki. "Jicho linadanganya," huwaambia wateja. "Gumba halina haya."

Daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha viungo, mama mmoja mwenye sauti ndogo, alimweleza kuwa angeweza kuhamisha kidole cha mguu na kukipandikiza mkononi. Akampa wiki moja ya kufikiri. Fundi alirudi na karatasi: alikuwa amepima vidole vyote kumi vya miguu, urefu na unene, kwa kipimo chake cha funguo.

"Kile kikubwa ni kinene mno, daktari, na nakihitaji kusimamia," alisema. "Cha pili, mguu wa kushoto. Hicho kitaingia."

Daktari alisoma karatasi mpaka mwisho. "Hata mimi nilikuwa nimekichagua hicho. Ila sikuwa na vipimo vya nusu milimita."

Upasuaji ulichukua saa kumi na moja. Chini ya darubini, daktari aliunga mfupa, kano, mishipa ya damu na ya fahamu, kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kidole kikapata damu, kikapata joto. Hisia, alionya, zingekuja polepole, na huenda zisingekuja kabisa.

Baada ya miezi mitano fundi aliweza kubana tupa, lakini kama mtu anayebana kwa koleo. Hakuhisi chochote. Akakubaliana na shemeji yake, fundi mwenzake: hisia zisiporudi kufikia mwisho wa mwaka, kibanda chake cha funguo kitakuwa cha shemeji. Kila asubuhi alifumba macho akapapasa pamba, mchele na msasa, kama alivyoelekezwa hospitali.

"Baba watoto," mkewe alimtania, "ukisalimia watu siku hizi unawapa mkono au unawapiga teke?"

Mwezi wa saba tangu upasuaji, Jumanne moja, alikuwa kibandani akichonga ufunguo wa mazoezi, mkewe akipanga kufuli rafuni. Ghafla akaweka tupa chini, akavua kiatu cha kushoto na kukikung'uta.

"Unatafuta nini?"

"Kokoto. Imenichoma kidole."

"Kidole gani?"

"Cha pili."

Mkewe alicheka mpaka akajishika mbavu. "Cha pili unacho wewe? Si kiko mkononi!" Kicheko kikakatika hapo hapo. Akamshika mkono, akaugeuza. Kwenye gumba jipya kulikuwa na kichembe cha shaba, kimejichomeka.

"Fumba macho." Akamgusa kwa ncha ya ufunguo.

"Hapo," fundi alisema.

Akagusa upande wa pili.

"Na hapo."

Daktari anasema ni jambo la kawaida. Ubongo huchelewa kujua kuwa kidole kimehama. Hata hivyo aliiandika ile kokoto kwenye faili, kwa mkono wake mwenyewe.

Shemeji amekodi kibanda kingine mtaa wa nyuma. Fundi huchonga funguo sita au saba kwa siku. Zamani zilikuwa kumi na tano; zimepungua kwa sababu kiungo cha mwisho bado hakikunjiki vizuri. Alhamisi ijayo daktari atalegeza kano moja, kazi ya chini ya saa moja, na kibanda kitafungwa wiki mbili.