Kipepeo wa Zamu Yangu

Mtaani kwetu mume wangu anaitwa Baba Viwavi, na mimi, kwa kuunganishwa tu, naitwa Mama Viwavi, kana kwamba niliwazaa mimi. Kazi yake ilikuwa fundi saa. Alikuwa na meza yenye kisanduku cha kioo chini ya ngazi za jengo la posta, na kwa miaka thelathini na moja aliinama pale, kioo cha kukuzia amekibana kwenye jicho la kulia, akichokonoa vyuma vidogo kuliko punje ya ufuta. Ukimpita hakuoni. Wengine walidhani ana maringo. Hana maringo yule. Alikuwa na macho ya kuona kitu kimoja kwa wakati mmoja, na mara nyingi kitu hicho sikuwa mimi.

Nilipoolewa niliambiwa hanywi, havuti, hazururi. Yote kweli. La vipepeo hawakunigusia. Siku ya tatu baada ya harusi nilifungua kabati nipange nguo zangu, nikakuta chupa kumi na sita za jemu, midomo imefungwa vitambaa, na ndani ya kila chupa majani na dude linatafuna. Nilipiga ukelele jirani akaja na mpini wa jembe. Mume wangu akanishika bega kwa upole kabisa.

"Taratibu, mke wangu. Utawashtua."

Kuwashtua wao! Hapo ndipo nilipojua nimeolewa uke wenza na wadudu.

Sitamnyima haki yake lakini. Mtu aliyeishia darasa la saba, hakuna aliyemtuma wala aliyemfundisha, alijua mambo ambayo walimu wa watoto wetu hawakuyajua. Aliokota mayai kwenye majani ya mlimau kwa kibano chake cha saa, yai moja moja. Alibadilisha majani kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Aliandika kila kiwavi amejivua ngozi mara ngapi, na alipojifunga kuwa kifuko aliandika saa, kama nesi wa wodi ya wazazi. Mwaka mmoja alipanga vijiti, vingine akavizungushia karatasi ya kijani na vingine karatasi ya kaki, akatuita mimi na watoto tuone: kwenye kijani vifuko vilitoka kijani, kwenye kaki vilitoka rangi ya mti mkavu. Siku ile nilifurahi, nakiri. Nilimpigia makofi.

Shida ilianza na yule mmoja. Jumapili fulani mume wangu alikuwa anapita nyuma ya maghala, akaona kipepeo ametua kwenye shina la mti uliokwaruzwa na lori, ananyonya utomvu. Amefunga mbawa. Upande wa nje kijani kibichi, kijani cha jani lililochipua jana, na nyuma vijimkia viwili. Aliposogea, kipepeo akaruka juu ya ukuta, kasi ya jiwe la manati. Upande wa ndani wa mbawa hakuuona. Basi. Kwa ajili ya upande wa ndani wa mbawa za mdudu mmoja, nyumba yangu haikutulia miaka kumi na minne.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Alisikia kwamba vipepeo wa jamii ile hawajali maua, wanapenda matunda yaliyooza. Akatundika uani kwangu beseni la ndizi zilizochacha, kazimwagia pombe, yeye ambaye hanywi. Nzi wa mtaa mzima walihamia kwetu. Mwalimu wa nyumba ya pili akaja mlangoni kashika pua.

"Mama, samahani, kuna kitu kimekufa kwenu?"

"Hakijafa bado," nikamjibu. "Kiko kazini, kitarudi saa kumi na moja."

Tulicheka wote wawili, lakini ndani nilikuwa nimeungua. Na yule wa kijani hakuja. Walikuja wa kahawia, wakalewa, wakaanguka chini miguu juu.

Sasa niseme la mama yangu, kwa sababu bila hilo mtaniona nimeingiwa na shetani tu. Mama aliugua kifua, nikamleta kwangu. Daktari alisema alazwe penye hewa na jua. Nyumba yetu ina sebule, chumba chetu, chumba cha watoto na chumba cha nyuma, na jua la asubuhi linaingia chumba cha nyuma peke yake. Kilikuwa cha viwavi. Nilimwambia mume wangu awatoe.

"Wiki tatu tu, mama watoto," alisema. "Vifuko vimeshajifunga. Ukivisogeza sasa vinaharibika. Wiki tatu, halafu chumba chote cha mama."

Zile wiki tatu zikazaa nyingine tatu. Mama alilala miezi minne kwenye godoro chini, sebuleni, njia ya kupita mkwe wake. Mnajua aibu ya jambo hilo. Kila alfajiri mume wangu alipotoka na sahani yake ya majani, mama alivuta shuka akajifunika uso ili mkwewe asimwone amelala. Mgonjwa wa kifua, anajifunika uso! Nilipolia aliniambia, "Mwache, mwanangu. Wengine waume zao wanawaletea wanawake." Alifia pale pale sebuleni. Mume wangu alilia kuliko ndugu zangu wote, na kesho yake alfajiri alipita na sahani yake ya majani. Sikumsema. Ningemsema ingekuwa afadhali kwetu sote.

Miaka sita baada ya mama kufa, macho ya mume wangu yakaanza kuharibika. Kwanza alikanyaga paka. Kisha akaanza kugonga fremu za milango kwa bega. Daktari wa macho akampima, akasema presha ya macho imeshakula pembeni kote, anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linaziba. Dawa ya matone itachelewesha kidogo, haitazuia. Nilidhani atauliza kuhusu kazi yake. Akauliza, "Daktari, msimu wa mvua ujao nitakuwa bado naona?" Daktari akanigeukia mimi, kama mtu anayetafuta mkalimani.

Msimu ukaja, na akampata. Si kipepeo, kiwavi. Alikuwa anapapasa majani ya mti ule ule nyuma ya maghala, jani baada ya jani, kwa vidole, maana vidole vya fundi saa havikuwa na ugonjwa wowote. Akaleta nyumbani viwavi watatu wa kijani, kila mmoja na pembe nne kichwani. Wawili walikuwa wameshatagiwa ndani na nyigu, wakafa. Wa tatu akala, akanenepa, akajining'iniza chini ya kijiti, akawa kifuko. Mume wangu aliacha kwenda posta. Aliketi chumba cha nyuma, mbele ya kizimba cha wavu alichokitengenezea, kutwa, uso sentimita kumi kutoka kwenye kifuko, maana zaidi ya hapo hakuona kitu sawasawa.

Hakutaka kitu kingine duniani. Aliniambia wazi. "Nikimwona akifungua mbawa mara moja tu, mke wangu, haya macho yaende yanakotaka kwenda."

Siku ya kumi na tisa kifuko kikaanza kugeuka, na rangi nyeusi ikaonekana kwa ndani kupitia ganda. Maana yake kesho asubuhi. Alikesha nacho. Kulipopambazuka nilimkuta ameketi wima, macho mekundu, machozi yanamtiririka kwa uchovu, haoni hata mkono wake.

"Kalale kidogo," nikamwambia. "Nitakaa mimi." Na nilisema kwa nia njema. Naapa nilisema kwa nia njema.

"Nusu saa tu. Kikipasuka niamshe. Hata nikikutukana, niamshe."

Akaenda sebuleni. Hakutaka kwenda mbali, akatandika godoro chini, njiani pale pale, akajilaza. Mwanga wa mlangoni ukamwumiza macho. Akavuta shuka akajifunika uso.

Nikamwona nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona mtu amelala pale, shuka usoni. Alfajiri zile za mama zikanirudia zote. Sikuwa nimeziita. Nilidhani nimeshazizika naye.

Kifuko kikapasuka muda huo huo. Kikafunguka kama ganda la karanga, bila sauti. Kikatoka kitu kinyonge, kimelowa, mbawa zimekunjamana, kikapanda juu ya kijiti kikaning'inia. Nilifungua mdomo niite. Sikuita. Mbawa zikajaa taratibu, zikanyooka, zikakauka, na kwa nje zilikuwa kijani kama alivyosema. Muda wa kutosha kumwamsha mtu mara ishirini. Hatua kutoka kile kiti hadi kwenye godoro ni tisa, nimezipima baadaye.

Nikafungua kizimba. Nikafungua dirisha. Kipepeo akatembea hadi kwenye ubao wa dirisha, jua likampata, akafungua mbawa.

Nyeusi. Nyeusi iliyoiva, na katikati mkanda wa buluu unaopita mbawa zote, buluu ambayo sijui niilinganishe na nini, na pembezoni vidoa vya rangi ya chungwa, saba kila upande. Nilivihesabu. Alifungua na kufunga mara tatu, kisha akaenda.

Nikaenda jikoni nikabandika maji ya chai.

Alipoamka alikuja akipapasa ukuta. "Vipi?"

"Nilisinzia," nikasema. "Nimezinduka nikakuta ganda tupu. Wavu ulikuwa umeachia."

Nilimngoja anigombeze. Nilitaka anigombeze, nilikuwa na maneno ya miaka sita yamenijaa kinywani, na angeanza yeye tu ningeyamwaga yote na tungekuwa sawa. Akapapasa kizimba, akapata ganda, akalishika kwa vidole viwili. Akapapasa wavu, pale kwenye kifundo.

"Ni mimi," alisema. "Nilifunga vibaya. Haya macho." Kisha akanigeukia, akatafuta mkono wangu. "Na wewe nimekukalisha alfajiri yote hii bure. Nisamehe, mke wangu."

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja hata mtoto azaliwe. Nilimmiminia chai, sukari ikamwagika mezani.

Nilijiambia atapata mwingine. Mwezi uliofuata wenye maghala wakaukata ule mti ili malori yageuze. Alizunguka ukuta ule wiki nzima akitafuta mti mwingine wa aina yake, mimi nikimshika mkono, mimi nikitafuta kuliko yeye. Nilipanda kwenye matofali, niligeuza majani ya kila mti niliouona, nikakwaruzwa hadi mashavuni. Watu walisema, tazama jinsi mama yule anavyompenda mumewe. Kabla ya mwaka kwisha tundu la ufunguo likaziba. Mtoto wetu akaenda posta akairudisha nyumbani ile meza.

Juzi aliniita nikae naye. Alitaka kukamilisha daftari la mwisho la viwavi wake, mwalimu wa nyumba ya pili ameliomba akawasomee wanafunzi wake. Nikachukua kalamu, yeye akasema, mimi nikaandika. Yai, hatukuliona. Kiwavi, kijani, pembe nne. Kifuko, siku kumi na tisa. Mbawa upande wa nje, kijani kibichi, vijimkia viwili.

"Mbawa upande wa ndani," akasema. Akageuza uso mahali anapodhani nilipo. Alikosea kidogo, aliuangalia mlango. "Mama watoto, siku ile hukuona chochote? Hata akiruka?"

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Nyeusi, mkanda wa buluu, vidoa saba kila upande. Ni maneno machache, mtoto wa darasa la pili anaweza kuyaandika. Lakini ningeyasema, angeniuliza nimeyajuaje.

"Sikuona," nikasema.

"Basi acha wazi. Asiyeona asiandike."

Nikaacha wazi. Akaniambia nimsomee ukurasa wote kwa sauti, nikasoma, na nilipofika kwenye mstari ule nikasoma kichwa chake tu, nikapita. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Vizuri," alisema. "Daftari letu halijamdanganya mtu."