Mvua ya Mbooni Ndani ya Kaseti

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha kupima mvua karibu na Salama, Fundi Mkuu alinipa kaseti nzito akaniambia ina mvua ya mwezi mzima. Nikaitikisa. Alinikemea, na sidhani nimeelewa vizuri tangu siku hiyo.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Fundi Mkuu, Madam Mutheu, alinieleza mara tatu. Ndani mna utando mwembamba sana, na katika utando mna viputo vya sumaku. Si vya hewa. Ni vijisehemu ambavyo sumaku yake imeelekea upande wa pili. Uga wa sumaku ukizunguka, viputo vinasogea kwa foleni. Kiputo kikiwepo ni moja, kisipokuwepo ni sufuri. Stima ikipotea, vinabaki.

"Kwa hivyo mvua nyingine imeandikwa na kitu ambacho hakiko?" niliuliza.

"Nzioka, wewe beba tu."

Ni yeye aliyemshawishi Mkuu wa Kituo tuachane na karatasi za grafu. Sifa yake yote kazini ilitegemea kaseti hiyo.

Mwaka uliofuata nilileta kutoka Mbooni mvua ya Novemba, ile tunayoitegemea Ukambani. Njiani nilipitia mazoezi ya kwaya. Sakafu ya kanisa ilikuwa vumbi tupu, nami niliitunza kaseti kama yai, kwa hiyo nikauweka mkoba wenye kaseti juu ya spika kubwa.

Kituoni mashine ya kusomea kaseti haikusoma chochote.

"Ulipitia wapi?" Mkuu wa Kituo aliuliza.

"Nilikuja direct, mkubwa."

Niliogopa kufutwa kazi. Mashine ikarudishwa ilikotoka, Madam Mutheu akabebeshwa lawama na kuhamishiwa stoo Kitui, na sisi tukarudi kwenye karatasi. Niliona aibu, lakini nilinyamaza. Tena yeye mwenyewe aliwahi kusema kaseti ina kinga ya sumaku. Basi ilifutwa na sumaku ya spika, au ilitoka Mbooni ikiwa tupu? Nimestaafu sijui.

Mwaka jana nilimtembelea Madam Mutheu shambani kwake, nikamwambia yote. Aliendelea kuchambua maharagwe mapajani.

"Miaka yote hiyo nilifikiri niliunganisha waya vibaya," alisema. Kisha akauliza, akiniita kwa jina la mwanangu, "Baba Kioko, mkoba ulikuwa upande gani? Juu kabisa, ama nyuma kwa ile sumaku?"

Alikuwa ameacha kuchambua, ananiangalia. Nilijaribu kukumbuka. Sikuweza.