Kiapo cha Babu kwa Wagiriki

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikishafunga mlango narudi kutikisa kitasa, na mtu akinichekea sana najiuliza anataka nini. Dubai ilinizidishia. Siku niliyofika, kampuni ya ulinzi ilichukua pasipoti yangu ikaifungia kabatini, wakasema ni kwa usalama wangu. Usalama wangu! Mlinzi ni mimi, halafu eti wananilindia pasipoti.

Tulikaa Al Nahda, wanawake sita chumba kimoja, kila mtu na kitanda chake na pazia lake. Chini yangu alilala Mkenya wa Nakuru, mhudumu wa hoteli, mdomo haufungi. Siku moja akaiona picha ya mama yangu kwenye simu, akaikuza kwa vidole. Kumbe mum yako ni pointi, akasema, yaani chotara. Nikamnyang'anya simu. Lakini alisema kweli. Bibi alizaa na Mgiriki, msimamizi wa shamba la mkonge kule Korogwe, na yule bwana akaondoka kabla mtoto hajaanza kutambaa. Ilibaki picha moja, nyuma kaandika jina lake kwa mkono wake, nayo bibi aliniachia mimi.

Mkenya akaniambia wapo watu wanaopewa pasipoti ya Ulaya kwa sababu ya babu tu. Nikamuuliza yeye anapata nini hapo. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Wiki nzima nililala na ile picha ndani ya foronya.

Tamaa ikanishinda. Pasipoti nitakayokaa nayo mwenyewe, niliache geti la ghala Jebel Ali na jua lake, nani asiyetaka? Siku yangu ya mapumziko nikaenda Al Twar kwa karani mmoja anayewaandalia watu hati. Nilimpa nakala tu. Hati halisi sikutoa, hata alipoapa kunirudishia palepale. Akasoma cheti cha kuzaliwa cha mama, akanigeuzia nisome. Jina la baba pale halikuwa la Mgiriki. Lilikuwa la kaka yake bibi.

Hilo halikunishangaza. Kwetu msichana akizalia nyumbani, baba yake au kaka yake hutoa jina, mtoto akaandikwa, na maneno yakaisha. Kaka yake bibi ndiye aliyemwandikisha mama, akambatizisha, akamsomesha, akamshika mkono kanisani siku ya harusi. Mama amemwita baba maisha yake yote; sisi tunamwita babu. Sokoni watu walimwita mama chotara, lakini nyumbani neno hilo halikuvuka kizingiti. Sasa karani akasema mzee aape mbele ya wakili kwamba hakumzaa, na amtaje aliyemzaa.

Nikampigia babu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo lenyewe lilinitia wasiwasi, maana babu hukatiza watu. Akauliza kama hiyo karatasi itanitoa getini. Nikasema inshallah, kama tunavyosema wote huku.

"Nitaapa," akasema. "Ila mama yako asiione."

Mwingine angeshukuru. Mimi nikaanza kuchimba. Kwa nini asiione? Mama analima nusu ya shamba la babu, na babu ana watoto wawili wa kiume, mmoja ana jicho na shamba lile tangu zamani. Mzee akishaapa kwamba mama si mwanawe, si watamfukuza kwa karatasi niliyoiomba mimi? Kiapo kikaja, wakili amekipiga picha na kunitumia. Nikakisoma kwenye basi la kampuni. Mimi si baba yake, kilisema. Sikumzaa. Nilimpa jina langu tu. Chini, dole gumba la babu.

Sasa najua maneno yale yalikuwa ya wakili. Siku ile niliyaona ya mtu anayejiandaa kumnyang'anya mama shamba. Nikamtumia mama picha ya kile kiapo, nikamwambia asome vizuri na ajihadhari. Nilijiona mjanja kweli.

Kesho yake mama alinipigia. Akauliza kama nimekula.

"Nilikuwa najua, mwanangu," akasema. "Na yeye alijua kwamba najua. Ila hakuwahi kunitamkia."

Nikamwambia ni karatasi tu. Akasema haya.

Wiki ya tatu karani akanipa jibu la ubalozi wa Ugiriki. Khalas, imekwisha. Kiapo cha mtu mwingine hakifai kitu. Wanataka Mgiriki mwenyewe awe alimkubali mtoto kwa maandishi enzi za uhai wake. Jina nyuma ya picha halikutosha. Nilisimama barabarani na bahasha yangu, hati halisi zote zimo, hakuna aliyeziiba.

Jumapili nikampigia babu kumwambia tumekosa. Akanipa pole, akasema kazi ya geti nayo ni kazi. Ndipo nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini hakutaka mama aione ile karatasi. Akashangaa hata kuulizwa.

"Angeumia bure," akasema.

Nikataja shamba, kwa kuzungukazunguka. Akasema nusu ile alikwishaiandikisha kijijini kwa jina la mama, tangu bibi alipofariki, na wanawe waliweka sahihi. Yeye akaendelea kuongea: mama yangu hajapita kumsalimia Jumapili mbili, na si kawaida yake, kila akitoka kanisani lazima apitie, labda anaumwa, mimi nimesikia nini? Nilikuwa natafuta la kumjibu aliposema subiri, huyu hapa anaingia. Nilisikia furaha katika sauti yake. Nikasikia mlango, na viatu vya mama sakafuni.

"Shikamoo, mjomba," mama akasema.

Babu hakuitikia upesi. Simu ilikuwa bado sikioni kwake, nikawa nasikia anavyohema. Halafu akasema marahaba, akamwambia kiti kile pale, akae.