Noti ya Kwenye Paji la Uso

Bango la tamasha lilitundikwa Masimba kwenye nguzo ya stima, mbele ya duka la agroveti, na mimi nililiona kwa sababu nilikuwa nimekwenda kununua mbolea. Lilikuwa na picha ya mzee ninayemfahamu. Walikuwa wamemvika miwani myeusi na kofia ya ngozi, na obokano yake, ala yetu kubwa ya nyuzi nane, wameichorea miali ya moto hadi ikafanana na jiko. Chini ya moto ziliandikwa bei. Tiketi ya kawaida ilikuwa sawa na mfuko wa mbolea niliokuja kununua. Ya VIP ilikuwa mbuzi. Ya VVIP ilikuwa ndama. Meza ya watu kumi ilikuwa ng'ombe wa maziwa, tena mwenye mimba.

Nazitaja bei kwa mifugo kwa sababu hivyo ndivyo nilivyozisoma. Niliishia darasa la nane, na hesabu zangu zote tangu hapo nimezifanyia shambani.

Wiki iliyofuata karatasi nyingine ilibandikwa juu ya zile bei. Tiketi ya mfuko mmoja wa mbolea ilikuwa imefika mfuko na nusu.

"Tata, nunua sasa," mwenye duka aliniambia. "Wiki ijayo itapanda tena."

"Kwani mzee anawekewa mbolea?"

"Ni demandi, tata. Wanaomtaka ni wengi."

Mzee mwenyewe, nilijua, alikuwa kwake upande wa Nyamira akikata majani ya ng'ombe, na hakuwa amekaza hata uzi mmoja.

Nieleze kwanza tulivyokuwa tukilipia muziki huu. Mpiga obokano alikuja uani kwako, akaketi kwenye kigoda, njuga mguuni, akaanza. Hukumpa kitu. Ulisikiliza. Alipofika mahali alipokugusa, alipomtaja babu yako au ng'ombe wako aliyekufa, uliinuka, ukatoa noti, ukambandika kwenye paji la uso. Noti ilishikwa na jasho lake. Kama hakutoka jasho, noti ilianguka, na watu wakacheka kwamba leo mzee amekuja kupumzika. Asiyeguswa hakutoa chochote, na hakuna aliyemfukuza. Hiyo ndiyo iliyokuwa tiketi yetu. Ilikatwa mwishoni.

Siku ya harusi yangu alikuja hivyo hivyo. Bibi arusi alikuwa ametoka Kiogoro, na alikuwa na kicheko ambacho mama yangu alisema kinafaa kuwa cha watu wawili. Mzee, ambaye wakati huo hakuwa mzee, alimtazama kidogo, akainamia nyuzi, akamtungia maneno palepale. Aliimba kwa Ekegusii. Kwa Kiswahili ni hivi:

Baba wa kicheko kirefu,
umekuja na kikapu kimoja,
umejaza nyumba.

Msomaji wa mbali asishangae. Kwetu tata ni baba, na baba ni mama. Mwanamke anayeheshimiwa huitwa baba, hata akiwa bibi arusi wa siku moja. Wageni wote hujikwaa hapo.

Maneno hayo hayakurekodiwa. Yaliimbwa mara moja, noti tano zikabandikwa, yakaishia hapo. Mke wangu aliyaimba jikoni miaka yote tuliyoishi pamoja, na alipotaka kunikosoa aliyageuza: nimekuja na kikapu kimoja, nimekuta nyumba ya mtu asiyeongea.

Alipofariki, mzee alituma ujumbe kwamba anakuja kumwimbia. Mimi ndiye niliyemkataza. Ningeweza kusema ni wazee wa kanisa, kwa maana mmoja wao alikuwa ameuliza, kwa upole kabisa, kama kutakuwa na nyimbo za dunia. Lakini aliuliza tu. Hakunikataza. Mimi niliogopa watakavyonitazama Sabato inayofuata, nikampigia mzee simu nikamwambia asije. Mke wangu alizikwa kwa nyimbo nzuri za kitabuni, ambazo huimbiwa kila mtu. Ubeti wake mwenyewe haukuimbwa.

Hicho ndicho nilichokitaka: ubeti huo uimbwe mara moja, na yule aliyeutunga, niusikie. Na kama unauliza kwa nini sikupanda gari hadi kwake, jibu ni kwamba niliona haya. Kwenye tamasha, katika uwanja wa hoteli, ningekuwa mteja. Mteja haulizwi habari za matanga.

Shemeji yangu, dada ya marehemu, anaishi Nyanchwa na ni mwimbaji wa kwaya. Nilipomwambia, alisema ataandamana nami, ila kwa kunisindikiza tu. Tulikwenda pamoja mjini, kwenye duka la simu lililokuwa likiuza tiketi. Kijana wa kike aliyekuwa pale alitutazama kwa huruma.

"Mzee, erlibadi imeisha."

"Erlibadi ni nini?"

"Ni ndege wa asubuhi. Wale wa kununua mapema."

"Kumbe kuna ndege," shemeji akasema. "Ni kuku au ni bata? Kwa bei hiyo atupe hata paja."

"Hapana mama, ndege si wa kuliwa. Ni bei tu."

"Bei inaitwa ndege. Ndiyo maana inapaa."

Tulinunua mbili za kawaida, kila mtu akalipa yake. Halafu yule kijana akasema, kama anayemkumbusha mtu kuchukua chenji, kwamba ukiongeza kidogo utatajiwa mtu wako jukwaani. Hiyo kidogo ilikuwa kubwa kuliko tiketi. Nilitoa. Ilikuwa bonasi yangu ya majani chai, ile tunayolipwa mara moja kwa mwaka, na sikujuta hata kidogo wakati ule. Alinipa simu nijaze fomu. Penye jina la anayetajwa niliandika, kwa makini, nikifuta na kurudia: Baba wa Kicheko Kirefu, marehemu.

Tamasha lilikuwa Jumapili. Mwandalizi alikuwa na akili. Angeliweka Jumamosi, siku yetu ya Sabato, angewauzia tiketi nzi. Tiketi ilisema saa nane. Saa nane tuliwakuta mafundi wakifunga nyaya. Kuanzia saa tisa kijana mmoja alituwekea miziki ya santuri iliyopigwa kwa sauti ya kutikisa meno, na kila baada ya dakika mbili alituuliza kama tuko sawa. Hakungoja jibu.

Uwanja ulikuwa umegawanywa kwa mabati. Sisi wa mfuko na nusu tulisimama nyuma, karibu na vyoo. Mbele yetu mbuzi, kwenye viti vya plastiki. Mbele ya mbuzi ndama, chini ya hema, kwenye viti vilivyofungwa utepe kama zawadi. Mzee alipopanda jukwaani saa kumi na moja, ndama wote waliinuka, nami nikafurahi nikidhani ni heshima. Wakampa mgongo. Walikuwa wakijipiga picha, kila mmoja akitaka mzee aonekane mdogo mdogo nyuma ya sikio lake. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akilipa ndama ili amgeuzie mwanamuziki kisogo.

Alikuwa na ile kofia ya ngozi. Alikaa kwenye kiti kirefu cha baa, miguu ikining'inia, na njuga zake zikakosa mahali pa kugonga. Lakini alipogusa nyuzi, sitadanganya, mgongo wangu uliingiwa na baridi. Hata shemeji, msindikizaji, nilimwona akitikisa kichwa kidogo.

"Shemeji, unacheza."

"Ni nzi."

Wimbo wa pili ulimgusa kweli. Mzee alimtaja mama mmoja wa zamani wa Kiogoro, na shemeji akatoa noti ya mia kwenye mkoba, akaanza kupenya kuelekea mbele, kama ambavyo angefanya mama yake. Mlinzi alimzuia kwenye bati la kwanza.

"Mama, hapana pita hapa."

"Naenda kumbandika mzee."

"Kumbandika nini?"

"Noti. Kwenye paji."

"Hiyo iko VVIP. Wewe tuza kwa simu, namba iko kwa skrini."

Aliporudi alikuwa amekasirika hivi kwamba mimi ndiye niliyetuma. Ujumbe ulirudi haraka ukinishukuru kwa malipo yangu, na jina la aliyelipwa lilikuwa la duka la vifaa vya ujenzi. Nilimwonyesha shemeji. Akasoma mara mbili.

"Umemtuza saruji," akasema.

Jukwaani, msichana mmoja alimpangusa mzee jasho kwa taulo jeupe kila wimbo ulipoisha. Paji lake lilikuwa kavu kama sahani. Hata wangeturuhusu, noti isingeshika.

Kisha mtangazaji, kijana aliyeletwa kutoka Nairobi, alishika simu yake akaanza kusoma majina ya waliolipiwa. Wa kwanza alikuwa mtu wa ndama, aliyeitwa simba, kisha kifaru, kisha mwamba. Nilishika mkono wa shemeji. Nilikuwa nimengoja hii tangu siku ile tuliyomzika.

"Wasee!" akapaza sauti. "Hii ni ya mzee mmoja hapo nyuma, kutoka Masimba! Inaenda kwa baba yake! Buda alikuwa wa kucheka sana! Ametuacha! Wapi kelele ya baba?"

Uwanja ukapiga kelele ya baba.

Nilipunga mikono. Nilisema hapana, si tata, ni baba, ni mama, ni mke wangu, lakini jaribu kusema maneno hayo yote mbele ya spika iliyo kubwa kuliko nyumba. Aliyesimama kando yangu, mtu asiyenijua, alinipa mkono wa pole. Mzee juu kule alimsikia mtangazaji, akaitikia kwa kichwa, akapiga wimbo wa kumlilia tata. Ulikuwa mzuri. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na hakupenda muziki, na kicheko hakuwa nacho. Ndiye aliyepewa bonasi yangu ya majani chai. Aliipata dakika mbili. Halafu santuri zikarudi na mzee akateremshwa kwa kushikwa kiwiko.

Nilipomtazama shemeji alikuwa ameinama, mabega yakitetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, machozi yanatiririka, hawezi hata kusimama.

"Dada angekufa kwa hii," akasema, kisha akasikia alichosema, akacheka zaidi, na sasa sikujua tena kilikuwa kipi, kucheka au kulia. Kwa ukoo wao ni sauti ile ile.

Jumanne nilipanda gari hadi Keroka, nikavuka kwa miguu upande wa Nyamira. Haya ilikuwa imepungua. Mtu akishapewa pole hadharani kwa kifo cha baba yake cha miaka hamsini iliyopita, haya nyingine huziona ndogo.

Nilimkuta mzee nyuma ya nyumba, akikata majani ya ng'ombe kama nilivyosema. Hakuwa na miwani.

"Tata, karibu. Uliniona Jumapili?"

"Nilikuona kwa mbali. Walikulipa vizuri?"

"Walinipa soda na nauli. Zilizobaki wanasema zinakuja kwa simu."

"Na kofia?"

"Kofia wakachukua. Ilikuwa ya kukodi."

Alicheka, nami nikacheka, kisha nikamwambia nilichokwenda kusema. Kwamba mimi ndiye niliyeogopa, si kanisa. Aliendelea kukata majani. Akafunga mzigo, akaukalia.

"Ulipopiga simu siku ile, nilikuwa nimeshafika Keroka," akasema. "Nilikuwa nimeshuka na obokano mgongoni. Nikanywa chai pale steji, nikarudi."

Hakungoja nijibu. Aliingia ndani akatoka na obokano na kigoda, akaketi, akakaza uzi mmoja baada ya mwingine kwa muda mrefu. Tuni ya harusi yangu aliipata mara moja, kana kwamba ilikuwa imengoja mlangoni. Akaizungusha mara tatu bila neno.

"Maneno yamenitoka," akasema. "Nimetunga mengi mno. Mwenye mke ndiye hubaki nayo. Yataje."

Nikayataja.

"Sikusema uyasome kama barua ya chifu. Imba."

Sijawahi kuimba mbele ya mtu. Hata kanisani husogeza midomo tu. Mke wangu alilijua hilo na alinitunzia siri. Niliimba. Sauti yangu ilitoka kama lango la zizi. Baba wa kicheko kirefu. Ng'ombe aligeuka kututazama. Umekuja na kikapu kimoja. Nikafika mwisho kwa shida, na mzee akanyamazisha nyuzi kwa kiganja.

Alipapasa mfuko wa shati, akatoa noti ya hamsini iliyochakaa, akainuka, akanibandika kwenye paji la uso. Ikaanguka majanini.

Aliiokota, akaikung'uta, akakaa tena.

"Haishiki," akasema. "Hujatoka jasho. Imba tena."