Nakala Iliyopelekwa Werugha

Mpaka leo nikisikia mtu akisema "hilo tutalifanya wiki ijayo," damu inanichemka. Namkumbuka Tryphena Wakesho, aliyeendesha kompyuta ya shamba la mkonge nje ya Voi, nilikokuwa karani mwaka wa 1986.

Kompyuta ile ilikuwa kubwa kama kabati. Ndani yake, kwenye diski wala si kwenye karatasi tena, yalikaa majina ya wafanyakazi wote na mwaka ambao kila mmoja aliajiriwa. Mwaka huo jambo hilo lilikuwa roho ya mtu. Shamba lilikuwa linapunguza watu, na waliotumika muda mrefu ndio wangebaki. Vumbi jekundu la Voi halikujali hayo, liliingia hata kwenye tundu la ufunguo.

Tryphena alikuwa na mpango wake. Kila Ijumaa majina yanakiliwe kwanza kutoka diski moja hadi diski ya pili, kazi ya haraka, sisi makarani tusikatizwe kazi. Halafu, polepole, ile diski ya pili inakiliwe kwenye tepu, na tepu itoke shambani kabisa.

"Nakala ya nakala?" akauliza meneja wetu, Bwana Zephaniah. "Kwani wewe huvaa sweta juu ya sweta?"

"Nikienda kwetu Werugha, kule milimani kwenye baridi, ndiyo," akajibu Tryphena.

Tulicheka sote isipokuwa meneja. Diski ya pili akaichukua iwekwe orodha ya vipuri vya trekta, ati vipuri ndiyo mali. Tepu alimpa moja tu, tena kwa kunung'unika, na akataka ikae kabatini mle mle chumbani. Chumba kikiungua je? Tryphena alibishana naye mpaka sauti ikamkauka.

"Basi ipeleke kwenu!" akafoka meneja.

Akayanakili majina humo, akaipeleka kweli, akamkabidhi mamake. Maneno ya kompyuta aliona yatamchosha mama bure, kwa hiyo alimweleza kwa lugha ya shamba: "Mama, hii ni mbegu. Ile ya Voi ikiharibika, tutaanza upya na hii. Nitunzie vizuri." Mama akaipokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo kila Ijumaa Tryphena aliomba diski yake na tepu nyingine, na kila Ijumaa akaambiwa wiki ijayo. Makarani wakaanza kumwita Mama Nakala. Yeye alikuwa akirudi mezani, akisukuma kiti kwa nguvu na kukaa.

Halafu diski ikafa. Ilikwaruza kama jiwe kwenye kinu, ikanyamaza, majina yote yakaenda nayo. Bwana Zephaniah alitoka ofisini mbio, jasho likimtiririka. "Ile tepu! Iko wapi ile tepu?"

Tryphena alipanda Werugha siku hiyo hiyo. Mama akamkaribisha jikoni kwa furaha, akainua kidole juu. Pale juu ya meko, katikati ya mahindi ya mbegu yaliyojaa masizi, tepu ilikuwa imening'inizwa kwa kamba ya mkonge. Kasha lilikuwa limepinda kwa joto, na utepe umegandana.

"Mama! Umeiweka motoni?"

"Si motoni, moshini. Mbegu huwekwa wapi kwingine? Tazama, haijaguswa na mdudu hata mmoja."

Na ni kweli, nyumba zote za kule milimani hutunza mbegu hivyo. Tryphena alitaka kupiga kelele, akakosa wa kumpigia. Akakaa kwenye kigoda akalia kwa hasira.

"Ungeniambia ni maziwa, mwanangu," akasema, "ningeiweka pa baridi."

Kompyuta iliikataa tepu ile. Wakaulizwa wanyapara ni nani wa zamani, nao wakataja jamaa zao. Musyimi, aliyekata mkonge tangu kabla ya Uhuru, alifukuzwa kama mtu wa juzi. Alisimama dirishani kwa Tryphena. "Binti, si uliliandika jina langu?"

"Niliandika, Mzee," akasema, na hakuweza kumtazama.

Ijumaa iliyofuata Bwana Zephaniah akaja mwenyewe na diski ya pili na sanduku zima la tepu mpya, bado zimefungwa kwenye nailoni. Akaziweka mezani. "Haya, sasa fanya ule mpango wako."

Tryphena akazitazama, kisha akamtazama yeye. "Ninakili nini?"