Betri ya Kaka Mkubwa

Mjomba wangu Orozaly amechunga kondoo katika bonde lile tangu sijazaliwa, kwanza wa shamba la serikali, kisha wake mwenyewe. Majira ya baridi huyapitisha katika kibanda cha udongo, mbali na nguzo ya mwisho ya umeme. Paneli moja ya sola, isiyozidi sinia kwa upana, ilimtosha miaka yote: taa, redio, simu. Hakuwa mtu wa kutaka mengi. Alitaka tu mkewe, Jyparkul, awe upande wa pili wa jiko.

Kisha mapafu ya Jyparkul yakachoka. Hospitali ikampa mashine ndogo ya oksijeni ya kulala nayo, na daktari akasema akae penye umeme. Binti yao Aisuluu anaishi mjini, na umeme anao. Jyparkul alijaribu kukaa kwake, akarudi amekonda.

"Kule ni kama mzigo uliosahauliwa stesheni," aliniambia. "Kila mtu anaupita, hakuna anayeuulizia."

Mjomba akauza farasi wake wa kupanda, akamwita fundi.

Shule ilikuwa imefungwa, nikapanda kwenda kuwapikia. Fundi Emilbek alikuwa ameshafunga paneli tatu juu ya paa na kuziweka betri mbili mpya ndani, karibu na jiko zisipigwe na baridi. Mara akafika mjomba wangu mkubwa, Mederbek, kaka yake Orozaly, akiburuta betri ya trekta juu ya theluji.

"Nipokeeni, nakufa!" alisema akihema. "Nyinyi mnawasha mji mzima, mimi nisilete hata kijiti?"

Kwetu, ndugu akiwa na jambo kila mmoja huweka chake, na kilicholetwa hakirudishwi mlangoni. Emilbek aliipima ile betri, akamvuta Orozaly hadi zizini, nilikokuwa nachukua kuni.

"Mzee, hii imechoka. Nikiifunga pamoja na mpya, itazinyonya."

"Itazinyonya sana?"

"Jua likiwepo hutajua. Likikosekana, utajua."

"Ifunge."

"Mzee, mgonjwa wako..."

"Baba alipokufa, huyu ndiye aliyenilea. Nimwambie chako ni kibovu?"

Mederbek akaita kutoka mlangoni: "Fundi! Mbona mnanong'ona kama wachumba? Betri ya wanaume inakutisha?"

Emilbek akaifunga.

Jua liliwaka siku nyingi, na Jyparkul akalala usingizi. Mashine aliiita paka wake, kwa jinsi ilivyokoroma.

"Sasa ninao wakoromaji wawili," mjomba alimtania.

"Watatu. Usijisahau."

Halafu theluji ikaanza, ikakataa kukoma. Mjomba alipanda paani na ufagio. Alipomaliza paneli ya tatu, ya kwanza ilikuwa imeshafunikwa. Hata zilipokuwa safi hazikuwa na kitu cha kupokea, mbingu yote ilikuwa ya kijivu. Jioni ya pili mashine ikalia, ikazima. Jyparkul aliegemea mito, midomo ikimgeuka rangi, akivuta hewa kama mtu anayepanda mlima. Mjomba alimpepea kwa kofia. Kisha akaacha, akabaki anaitazama kofia. Mimi nilishika birika la chai, nikasahau kumimina.

Kulipokucha alipanda kilimani kunakoshika simu, akampigia fundi.

"Itoe ya zamani," Emilbek alimwambia. "Jua likirudi, hizo mpya zitajaa, na theluji ijayo zitamvusha."

Alirudi, akachukua spana. Lakini Mederbek alikuwa ameshafika, amepita kwenye theluji yote ile na nyama kavu kifuani. Alikuwa ameketi karibu na betri yake, anaipangusa kwa mkono wa koti.

"Mnaona?" alisema. "Bila hii mngezimikiwa tangu juzi."

Mjomba alisimama na spana mkononi. Jyparkul alimtazama, akatikisa kichwa kidogo tu.

"Shemeji," alisema kwa pumzi za vipande, "farasi wako... yupo? Nipeleke kwa Aisuluu. Nimemkumbuka mjukuu."

"Leo? Na umeme mmewekewa?"

"Nimemkumbuka tu."

Tulimfunga mablanketi, tukamlaza na mashine yake kwenye gari la theluji lililokokotwa na farasi wa Mederbek. Mjomba alitembea kando yake hadi mwisho wa zizi, akaendelea, akaendelea tena.

"Rudi," Jyparkul alisema. "Kondoo wako watapotea."

"Wapotelee wapi?"

Lakini alirudi, maana hakukuwa na mwingine wa kuwalisha.

Jua lilitoka kesho yake. Betri zilijaa, hata ile ya trekta, na hakuna aliyezihitaji. Mjomba hakuigusa spana tena. Kila asubuhi alipanda kilimani kupiga simu mjini, na siku moja niliandamana naye.

"Anapumua vizuri," alisema Aisuluu.

"Anakula?"

"Anasema atakula kesho."

Mjomba alilitazama bonde.

"Mwambie kondoo wote wapo," alisema.