Bata, Chai Inapoa

Kwetu Burslem, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo, watu huitana bata. Muuza mikate akikuita bata usimkunjie uso, ni mapenzi tu. Lakini jirani yangu Doreen Tunnicliffe, aliyechora maua kwenye vikombe kiwandani mpaka vidole vikapinda, aliitwa bata na mumewe Cyril kila siku, hata baada ya Cyril kuzikwa.

Msinicheke kwanza. Walikuwa na mpangaji ghorofani, Jez Colclough, mwimbaji wa roki aliyegombana na bendi yake akabaki na gitaa na kiburi. Albamu yake ya kwanza ya peke yake aliirekodi chumbani humo. Mwisho wa wimbo wa tatu, gitaa likififia, Cyril anasikika kutoka jikoni: "Bata! Chai inapoa!" Jez akaiacha sauti hiyo, eti imependeza. Baridi ya mwaka huohuo Cyril akafa.

Basi kila alasiri Doreen akawa anaweka santuri ile huko ghorofani. Akiitwa anaitika, "Nakuja, mpenzi!" na anashuka kweli jikoni, anamimina vikombe viwili. Namsikia kupitia ukuta, nywele zinanisimama.

"Wee Doreen, utatuletea mashetani!"

"Wakija wakaribishe kwako. Kwangu pamejaa."

Mwaka jana Jez akaja, kichwa mvi tupu, na chapati za shayiri mkononi. Nilikuwapo.

"Albamu inatolewa upya, Mama Doreen. Kampuni inaisafisha. Makelele yote yanaondolewa."

"Makelele yapi?"

Jez akaelekeza kidole jikoni.

"Mume wangu ndiye makelele? Na santuri yangu imechakaa, inakwaruza tu. Ikifa hii nitaitwa na nani?"

"Huna haya!" nikamfokea Jez. "Chai yao umekunywa miaka mingapi?"

"Ndiyo maana nimekuja, bata. Nimeleta ukanda wa awali wa kurekodia, haujakatwa. Yeye asikilize, aamue."

Akauweka kwenye mashine aliyokuja nayo. Gitaa likafifia. "Bata! Chai inapoa!" Doreen akafungua mdomo aitike, lakini kwenye ukanda aliyejibu alikuwa yeye mwenyewe, enzi zile za ukali wake: "Si uinywe mwenyewe, domo wewe!"

Maskini Doreen akajishika kifua. "Ndivyo nilivyomjibu? Na mimi miaka yote hii namwambia mpenzi?" Akaanza kulia, nami nikalia.

Ndipo Cyril akacheka. Kicheko kile chake cha kukohoakohoa, cha mtu aliyechokoza akapata alichotaka. Tulikuwa tumekisahau kabisa.

"Kiache," Doreen akasema. "Acha yote, na matusi yangu."

Jez akatimiza, santuri mpya ikaja. Sasa kila alasiri nasikia Doreen akifoka pamoja na santuri, "Si uinywe mwenyewe!" halafu kicheko. Nimezoea.

Ila juzi umeme ulikatika mtaa mzima. Alasiri ilipofika nikamsikia Doreen akifoka kama kawaida. Na haki ya Mungu, kicheko kikaja.